Kombi ya Puebla na neno lililotoka kwetu

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi za gazeti zimenibana. Leo nina kisa ambacho gazeti halikukitaka, kwa hiyo nakileta hapa.

Mhariri wangu alinituma Kigamboni. Aliambiwa kuna wazee wawili kutoka Mexico, mume na mke, wanaizunguka Afrika kwa kombi ya zamani, na wamepiga kambi ufukweni. "Lete picha nzuri na maneno mia tatu," akasema. Nikarudi na maneno mia tisa. Kesho yake nikafungua gazeti na kukuta picha nzuri sana, na chini yake maneno kama arobaini hivi. Sikulalamika, ndiyo kazi yetu. Ila yale yaliyobaki kwenye daftari yamenikosesha usingizi tangu siku ile.

Wale wazee ni walimu wastaafu kutoka mji wa Puebla. Kombi yao ni ya mwaka 1982, rangi ya maziwa na kijani, injini nyuma, usukani kushoto. Ndani kuna kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili, sufuria zinazoning'inia na sanamu ndogo ya Bikira Maria wa Guadalupe iliyobandikwa kwenye dashibodi. Waliipakia kombi kwenye meli kutoka Amerika ya Kusini, wakaipokea Afrika Kusini, wakaanza kupanda nayo kaskazini polepole. Mzee huendesha, mama husoma ramani na kuzungumza na watu. Kiingereza chake kinaeleweka, cha mzee ni cha kubahatisha.

Baada ya mahojiano waliniomba niwasindikize sokoni. Nikakaa nyuma kwenye kitanda. Tumefika kwenye kona moja, daladala ikatupita kwa kasi upande usiotegemewa, ikarudi mbele yetu ghafla na kufunga breki kuchukua abiria. Mzee akakanyaga breki, sufuria zikalia zote kwa pamoja. Akachomoza kichwa dirishani akapiga kelele: "Cafre!" Konda naye hakukubali kushindwa. Akamjibu kwa sauti ya kuzoea: "Mshenzi wewe! Kaa pembeni!" Mama akaniuliza yule kijana amesema nini. Nikamwambia anawasalimia. Tukacheka wote.

Ila mimi nilikuwa nacheka nusu. Nimelelewa Tanga kwa bibi yangu, na neno nililolisikia kutoka kinywani mwa mzee yule nilidhani ni kafiri. Nyumbani kwa bibi neno hilo halikuwa la mzaha, ukilitamka hovyo unalala bila kula. Nikamuuliza mama: mzee amesemaje? Akanieleza kwamba kwao Mexico cafre ni dereva anayeendesha kama mwendawazimu, asiyejali roho za watu, na kwamba hasa wanaitwa hivyo madereva wa mabasi na kombi za abiria. Nikamwambia hilo neno nalijua, ni la kwetu. Akatikisa kichwa kwa upole wa kiualimu: hapana kijana, hilo ni neno la Kihispania.

Nimelifuatilia. Wote wawili tulikuwa sahihi.

Neno ni la Kiarabu, kafir, mtu asiyeamini. Wafanyabiashara Waislamu wa Bahari ya Hindi walilitumia kuwataja watu wa bara waliokuwa nje ya Uislamu katika pwani hii ya mashariki ya Afrika. Vasco da Gama alipopita huku mwaka 1498, na wenzake waliporudi mwaka 1505 kuipora Kilwa na Mombasa, Wareno wakalidaka neno hilo masikioni mwa wenyeji wakalifanya lao: cafre. Kwao halikuwa tena na habari ya dini. Likawa jina la Mwafrika mweusi wa upande huu, hasa wa Msumbiji na nchi zinazoizunguka.

Sasa fuata njia ya meli. Wareno walikuwa na kituo Kisiwa cha Msumbiji, na kingine Goa huko India. Kutoka Msumbiji waliwapeleka watu Goa, wakauzwa. Wengine wakauzwa tena mbele zaidi, Malacca na Macau, na wengine wakaishia Manila, makao makuu ya Wahispania huko Ufilipino. Kati ya mwaka 1580 na 1640 Ureno na Hispania zilikuwa chini ya mfalme mmoja, kwa hiyo biashara hiyo ilipata mteremko. Na kutoka Manila, tangu mwaka 1565 hadi 1815, kulikuwa na jahazi kubwa la Kihispania lililovuka Bahari ya Pasifiki hadi mji mmoja wa pwani ya Mexico. Mji huo ni Acapulco.

Ndiyo, Acapulco ile ile ya sinema na mahoteli. Miaka mia mbili na hamsini jahazi lile lilileta hariri, vyombo vya kauri na viungo, likarudi na fedha ya migodi ya Mexico. Safari ya kwenda Acapulco ilichukua miezi minne, mitano, wakati mwingine zaidi. Likitia nanga, mji uliokuwa umelala kwa joto uliamka. Wachuuzi walishuka kutoka Mexico City na nyumbu wao, kukawa na gulio kubwa, ngoma, kamari na ulevi kwa majuma kadhaa, kisha watu wakaondoka na mji ukarudi kulala. Kama unatafuta chanzo cha sherehe za miji ya pwani ya Mexico, mahali pamoja pa kuanzia ni pale. Na katika shehena zile za sherehe walikuwamo watu. Baadhi yao makarani waliwaandika kwa jina la ubatizo na neno moja la kueleza walikotoka: cafre.

Nisitie chumvi. Hao wa kutoka upande wetu walikuwa wachache. Waafrika wengi kabisa waliopelekwa Mexico, wanahistoria wanazungumzia watu laki mbili au zaidi katika utawala wote wa Hispania, walitoka Afrika Magharibi na Angola, na walishushwa bandari ya Veracruz upande wa pili wa nchi. Lakini wachache hao walikuwapo. Walivuka bahari mbili. Majina yao ya nyumbani hayakuandikwa popote. Kilichobaki ni lile neno. Likaingia kwenye Kihispania kwa maana ya mtu katili, mshamba asiyestaarabika, na Mexico ilipojaa magari likashuka zaidi na kukaa kwenye usukani. Leo linatumika kila siku kwenye foleni na anayelitumia hajui linatoka wapi.

Basi ngoja turudi kwenye kombi, maana nayo ina historia yake na ndiyo iliyotufikisha hapa.

Mwaka 1947 Mholanzi aitwaye Ben Pon, mwagizaji wa magari ya Volkswagen, alichora kwenye daftari lake sanduku lenye magurudumu, injini nyuma na dereva mbele kabisa. Machi 1950 gari hilo likaanza kutengenezwa Ujerumani. Mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ikaanza kulitia kitanda, kabati na meza, na nyumba ya kutembea ikazaliwa. Jina kombi limekatwa kutoka neno refu la Kijerumani lenye maana ya gari la kazi mchanganyiko. Wamexico wanaliandika combi, sisi tunaliandika kombi, tunatamka sawasawa.

Volkswagen ilifungua kiwanda Puebla mwaka 1967, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1990 kombi zilitengenezwa hapo hapo Mexico. Mzee wangu wa Kigamboni alifundisha watoto wa wafanyakazi wa kiwanda hicho. Anasema nusu ya darasa baba zao walikuwa wakifunga vioo na milango. Julai 2003 kiwanda hicho kilitoa kobe wa mwisho duniani, lile gari dogo la mgongo wa duara, likaagwa na bendi ya mariachi kama marehemu wa heshima. Kombi yenyewe iliendelea Brazil mpaka Desemba 2013.

Mexico City waliifanya kombi kuwa basi. Nauli ilikuwa peso moja, wakaiita pesero. Hapo nilicheka peke yangu, maana daladala yetu imeitwa hivyo kwa sababu ya dala, shilingi tano, na matatu ya Wakenya inasemekana ni kwa sababu ya mapeni matatu. Nchi tatu, bahari mbili katikati, maskini wote wanaliita basi lao kwa nauli yake.

Wakati huo huo, kombi hiyo hiyo ilikuwa na kazi nyingine kabisa kwa vijana wa Marekani. Walikuwa wakivuka mpaka kushuka kusini kutafuta bahari na maisha ya bei rahisi. Hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1951 mtengenezaji wa matrela ya kulala, Wally Byam, aliongoza msafara wa Wamarekani wenye matrela yake ya Airstream kupitia Mexico kwenda Amerika ya Kati, barabara zikawatoa jasho na magari yakavunjika njiani. Byam ndiye huyo huyo aliyeongoza msafara mwingine mwaka 1959 hadi 1960 kutoka Cape Town hadi Cairo, ambao ulipita Uganda na Kenya. Wazee wetu waliosimama kando ya barabara na kuziangalia nyumba za aluminiamu zikipita, walikuwa wakiona kitu kile kile ambacho wakulima wa Mexico walikiona miaka minane kabla.

Kisha wakaja mahipi. Mwandishi Ken Kesey alijificha Mexico mwaka 1966 akikwepa kesi ya bangi, akaishi miezi kadhaa upande wa Manzanillo, na marafiki zake wakamfuata na basi lao la shule lililopakwa rangi zote. Mwaka 1969 fundi mmoja aitwaye John Muir akatoa kitabu cha kumfundisha mtu yeyote, hata asiyejua spana, namna ya kuitengeneza Volkswagen yake mwenyewe. Muir huyo ndiye aliyechapisha mwaka 1972 kitabu cha Carl Franz cha kuwaongoza watu kusafiri Mexico kwa gari, kulala ufukweni, kununua sokoni na kuongea na wenyeji. Vitabu viwili tu, na maelfu ya vijana wakaona hawana kisingizio tena.

Serikali ya Mexico nayo ilikuwa ikijenga barabara. Mwaka 1973 ilifunguliwa barabara ya lami inayokata rasi yote ya Baja California, kutoka Tijuana mpakani hadi Cabo San Lucas, takribani kilomita 1,700. Upande wa bara, barabara namba 200 inaanzia Tepic na kuiambaa Pasifiki hadi karibu na Guatemala. Hiyo ndiyo njia ya wazee wangu. Kabla ya kuja Afrika waliipita kila mwaka tangu walipostaafu, na mama ana kalenda yake, haipangi safari kwa hali ya hewa bali kwa sikukuu.

Nilimwomba anitajie. Akahesabu kwa vidole.

Februari, Mazatlán, kabla ya Kwaresima. Kanivali ya huko imekuwa rasmi tangu mwaka 1898. Kabla ya hapo watu walisherehekea kwa kurushiana unga wa ngano mitaani. Makuli wa bandarini walikuwa upande mmoja, watu wa sokoni upande mwingine, na kila mwaka ugomvi ulizidi, unga ukachanganywa na vitu vingine visivyopendeza. Wakubwa wa mji wakaunda kamati, wakaweka vipande vya karatasi za rangi badala ya unga. Siku hizi wanachoma sanamu ya mtu aliyewaudhi mwaka huo, mara nyingi mwanasiasa, wakiita kuchoma kisirani. Kisha usiku mmoja fataki zinafyatuliwa baharini kukumbuka tarehe 31 Machi 1864, siku mji ulipoifukuza meli ya kivita ya Ufaransa. Muziki ni wa matarumbeta na ngoma kubwa, na watu hutaja mchango wa wahamiaji wa Kijerumani walioishi hapo, ambao pia walianzisha kiwanda cha bia mwaka 1900. Bendi maarufu ya mtindo huo, El Recodo, iliundwa na Cruz Lizárraga mwaka 1938 katika kijiji karibu na Mazatlán.

Tarehe 3 Februari ni San Blas, mji mdogo wa Nayarit, sikukuu ya mtakatifu aliyeupa mji jina. Desemba 1 hadi 12 ni Puerto Vallarta, ambako kila jioni vyama vya wafanyakazi, mahoteli, maduka na familia huandamana kwa miguu hadi kanisa la Guadalupe. Mji huo ulikuwa kijiji tu mpaka mwaka 1963, John Huston alipokuja kupiga filamu karibu yake, pale Mismaloya, na waandishi wa habari wakafuata wapenzi wawili, Richard Burton na Elizabeth Taylor. Naona aibu kidogo kwa taaluma yangu, lakini mji ule ulijulikana duniani kwa umbea wa magazeti. Tarehe 18 Desemba ni Puerto Escondido, ambako wavuvi humpakia Bikira wa Soledad kwenye mashua na kwenda naye baharini, mashua nyingine zikimfuata.

Kusini kidogo kuna Zipolite. Tarehe 7 Machi 1970 jua lilipatwa kabisa juu ya Oaxaca, vijana wa kila nchi wakaja kulitazama, baadhi wakashuka ufukweni na hawakuondoka. Hivi ndivyo fukwe nyingi zilivyopata wageni wa kombi: mtu mmoja analala bure, anamwandikia rafiki, rafiki anakuja.

Kulala bure kuliwezekana kwa sababu ya sheria. Mexico ufukwe ni mali ya taifa, na katiba ya mwaka 1917, ibara ya 27, inamkataza mgeni kumiliki ardhi moja kwa moja ndani ya kilomita 50 kutoka pwani. Ni katiba iliyotoka kwenye mapinduzi. Lakini tangu mwaka 1970 serikali yenyewe ilianza kujenga miji ya watalii kutoka kwenye mchanga mtupu, Cancún ikiwa ya kwanza. Huko Huatulco mwaka 1984 ilitwaa ardhi ya jumuiya ya wavuvi na wakulima, na waliokuwa wakikaa kwenye ghuba wakahamishiwa ndani, La Crucecita. Ufukwe ulibaki wa taifa kwenye karatasi, ila njia ya kuufikia ilipita kwenye geti la hoteli. Ilibidi mwaka 2020 sheria ibadilishwe ili anayeziba njia ya ufukweni apigwe faini. Mama aliponiambia hivyo nilitazama pwani ya Kigamboni, na kuta zake, nikanyamaza.

Niliuliza wanapenda sherehe ipi kuliko zote. Wakajibu pamoja bila kutazamana: los diablos. Mashetani.

Wadau, hapa ndipo maneno yangu mia sita yaliyokatwa yalipokuwa.

Kusini mashariki ya Acapulco, barabara namba 200 inaingia eneo linaloitwa Costa Chica, pwani ndogo, linalogawanywa na majimbo ya Guerrero na Oaxaca. Vijiji vingi vya huko ni vya watu weusi. Karne ya kumi na sita wenyeji wa asili walikufa kwa wingi, kwa magonjwa na kazi, na Wahispania waliochukua ardhi wakaleta Waafrika kuchunga ng'ombe. Wengine walikuja wenyewe kwa kutoroka utumwani. Joto, mito na ukosefu wa barabara vikawaficha. Mwanazuoni Gonzalo Aguirre Beltrán alipokwenda Cuajinicuilapa mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuta nyumba za msonge, za duara zenye paa la nyasi, akasema asili yake ni Afrika. Kitabu chake juu ya mji huo kilitoka mwaka 1958. Nyumba zimekwisha, sasa ni matofali na mabati kama kwetu. Katika makumbusho ya mji wamejenga chache ili watoto wazione.

Ngoma haijakwisha. Siku za wafu, mwanzoni mwa Novemba, wanaume wanavaa vinyago vya pembe na ndevu za manyoya ya farasi, nguo chakavu, wanatoka makaburini na kuingia mitaani. Wanacheza wameinama, miguu inapiga ardhi kwa kishindo mpaka vumbi linapanda. Ala ni tatu: kinanda cha mdomo, ngoma ya kibuyu au debe ambayo haipigwi bali hukwaruzwa kwa kijiti ikanguruma kama mnyama, na utaya wa punda, meno yakiwa bado yanachezacheza ndani yake. Mbele yuko shetani mkuu na mjeledi. Wengi wanamwona kama yule msimamizi wa shamba la ng'ombe la zamani. Pamoja naye yuko Minga, mwanamume aliyevaa gauni, kifua cha kupachika, mtoto wa bandia mkononi, anayekwenda kwa kila mwanamume mwenye heshima kijijini na kumkabidhi mtoto: huyu ni wako, mlee. Watu wanakufa kwa kicheko. Fikiria. Msimamizi mwenye mjeledi, na mwanamke mwenye mtoto asiyekuwa na baba anayemkubali. Kicheko hicho kimebeba miaka mia tatu.

Mexico ilifuta utumwa tarehe 15 Septemba 1829, chini ya Rais Vicente Guerrero, ambaye mwenyewe alikuwa na damu ya Kiafrika, na jimbo limepewa jina lake. Baada ya hapo nchi ikajisimulia kwamba watu wake wote ni mchanganyiko wa Mhispania na Mwenyeji wa asili, basi. Weusi hawakuwamo kwenye hadithi. Mwaka 1997 vijiji vya weusi vilikutana kwa mara ya kwanza huko El Ciruelo, Oaxaca, kwa juhudi za padri Glyn Jemmott, mzaliwa wa Trinidad, kujadili jambo dogo tu: kuhesabiwa. Walisubiri. Mwaka 2015 takwimu za taifa ziliuliza kwa mara ya kwanza, wakajitokeza watu 1,381,853. Mwaka 2019 katiba ikawatambua. Sensa ya mwaka 2020 ikahesabu 2,576,213, asilimia mbili ya nchi. Sidhani kwamba waliongezeka kiasi hicho kwa kuzaana katika miaka mitano. Watu walianza kukubali kusema.

Na hawakuogopa bure. Vyombo vya habari vimeandika mara nyingi kuhusu watu wa Costa Chica wanaoshushwa kwenye mabasi na maafisa wa uhamiaji, ndani ya nchi yao, kwa kudhaniwa ni wageni kutoka Cuba, Haiti au Amerika ya Kati. Kitambulisho hakitoshi. Wanaambiwa waimbe wimbo wa taifa. Wako waliofukuzwa nchini kabisa wakapelekwa nchi wasiyoijua.

Mama alinisimulia mkasa mmoja. Walimpa lifti mwanamke wa makamo kutoka karibu na Cuajinicuilapa, anakwenda hospitali Acapulco. Kwenye kizuizi mkaguzi aliwatazama wote watatu, na kijana mmoja Mmarekani aliyekuwa nyuma yao kwenye gari lake la kulala. Mmarekani alipungiwa mkono apite. Mwalimu na mkewe hawakuulizwa. Mwanamke yule, ambaye ukoo wake umekaa kwenye pwani ile tangu kabla Marekani haijawa nchi, aliteremshwa. "Akaimba?" nikauliza. Mama akasema aliimba beti zote, mpaka mkaguzi akaona haya akamwambia inatosha, na yeye hakunyamaza mpaka alipomaliza.

Barabara ni moja, lami ile ile. Kuna anayeitwa msafiri na kuna anayeulizwa anakwenda wapi. Hilo sihitaji kwenda Mexico kulijua. Nimewahi kujaza fomu za viza.

Niliwaeleza wazee wangu habari ya cafre nilipokwenda kuwaaga siku tatu baadaye, nikiwa nimekwishasoma nilichoweza kusoma. Msumbiji, Goa, Manila, Acapulco. Nilichora njia kwenye mchanga kwa kijiti. Mzee alikaa kimya muda mrefu. Akasema kwa Kihispania, mama akatafsiri: nimelitumia miaka hamsini, nimefundisha historia miaka thelathini na tano. Hakusema zaidi. Nami nilijisikia mjuzi, nikiri, nilijisikia kijana aliyesoma.

Njia nzima ya kurudi, kwenye pantoni, nilikuwa nikijipongeza. Tukiwa tunashuka Magogoni, bajaji ikamkwaruza jamaa mmoja mguu, naye akageuka akafoka: mshenzi!

Nikasimama.

Mshenzi. Konda yule wa Kigamboni. Neno nililolitafsiri kuwa ni salamu. Bibi yangu hakuruhusu kafiri itamkwe hovyo, lakini mshenzi ilikuwa ikiruka nyumbani kwetu kutwa, kwa mbuzi, kwa watoto, kwa fundi aliyechelewa. Na nani walikuwa washenzi? Zamani pwani ilikuwa na waungwana na ilikuwa na washenzi. Washenzi ni watu wa bara, wasio na mji, wasio na dini ya mji. Ndio hao waliotembezwa kutoka Tabora, Ujiji na Nyasa na kuuzwa Bagamoyo, Kilwa na Unguja. Babu wa konda yule huenda aliitwa hivyo. Babu yangu upande wa baba, aliyetoka bara, hakika aliitwa hivyo.

Kwa hiyo siku ile kwenye kona ya Kigamboni, mzee wa Puebla alimwita konda kwa jina la watu waliouzwa, na konda akamjibu kwa jina la watu waliouzwa, na mimi msomi nikiwa nyuma kwenye kitanda nikasikia moja tu, lile la mgeni.

Wazee wameshaondoka. Nimepata ujumbe wako Lushoto, baridi inawafaa, kombi ilipanda mlima kwa gia ya kwanza. Wanataka kufika nyumbani kabla ya Novemba, wawahi mashetani. Mama anasema mzee amejaribu kutafuta tusi jingine la barabarani na hajapata linalotosha.

Mimi pia natafuta. Mwenye nalo aniletee.